Kelele ndani ya kaske: inatoka wapi?



Mwezi huu hatutasema juu ya buti wala juu ya maji ya kunywa. Tutasema juu ya kitu kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za kambi, nacho ni ampli ya kaske. Ni kile kisanduku chenye ukubwa wa pakiti mbili za kiberiti, au zaidi kidogo, kinachopokea sauti ya simu, ya radio au ya televisheni na kuikuza, hata watu watatu au wanne waisikie, kila mmoja katika kaske yake, bila jirani kujua kama mnaangalia filamu.

Neno lenyewe limenichekesha mara moja. Mtu alisimama mlangoni pa dispansari akaniambia, "Muganga, kaske yangu inanguruma." Nikamtazama kichwani nikitafuta ufa katika kofia yake ya mgodi. Kumbe alisema kaske ya masikio. Kifaransa kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Basi hapa chini nikiandika kaske, fahamu ya kwamba ni ile ya masikio. Ile nyingine nitaiita kofia.

Kwa nini muganga aandike habari za ampli? Kwanza, kwa sababu ampli ni rafiki wa usalama. Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta. Mtu aliyeacha kazi saa kumi na mbili asubuhi anataka kulala, na watoto wanataka nyimbo. Aliyekosa usingizi mchana ni mtu wa hatari usiku, yeye mwenyewe na wenzake, hasa karibu na kinu cha kusaga mawe na mikanda inayozunguka. Nyumba yenye kaske ni nyumba yenye kimya, na baba analala. Hapo nasema asante kwa ampli.

Lakini ampli nyingi za hapa kwetu zina kelele. Zinanguruma, zinapiga mluzi, zinakwaruza. Na mtu anayesikia mngurumo chini ya wimbo hafanyi kazi ya kutafuta mngurumo. Anaongeza sauti mpaka wimbo ufunike mngurumo. Hapo ndipo jambo linapoingia katika ukurasa wangu.

SIKIO LILILOFANYA KAZI KUTWA

Sikio linahesabu kelele kama mkarani wa mishahara anavyohesabu masaa. Halisahau. Hesabu inayotumiwa na waganga wa kazi katika nchi nyingi ni hii: kelele ya desibeli 85 unaweza kuivumilia masaa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezwa, masaa yanagawanywa kwa mbili. Desibeli 88, masaa 4. Desibeli 91, masaa 2. Desibeli 94, saa moja. Ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 15 tu. Sasa fikiri kwamba mashine ya kutoboa mwamba, ile ya hewa, inapita desibeli 110 karibu na yule anayeishika. Bila vizibo vya masikio, mtu huyo amekula posho yake ya siku nzima kabla ya kumaliza kuvuta sigara.

Huna chombo cha kupima? Simama mita moja mbele ya mwenzako. Ukilazimika kupiga kelele ili akusikie, mahali hapo pamekwisha kupita kipimo.

Mtu kama huyo anarudi nyumbani, anavaa kaske, na ampli yake inanguruma. Anafungua kifungo cha sauti mpaka mwisho. Simu peke yake, ikifunguliwa yote, inaweza kupita desibeli 100 katika kaske, na ampli inaongeza juu yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, walitoa kanuni ya vyombo vya kusikilizia: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa masaa 40 katika juma. Kanuni hiyo ilifikiri mtu ambaye masikio yake yamepumzika. Wewe umetoka kinuni.

Kwa hiyo ukiondoa mngurumo katika ampli, umeondoa sababu ya kuongeza sauti. Ndiyo dawa yenyewe, na haina sindano.

USIFUNGUE KISANDUKU KWANZA

Mimi si fundi wa radio. Nilisoma shule ya ufundi wa uuguzi, na yale ninayoyajua ya ampli nimeyapata kwa fundi mmoja wa Kasongo, mzee mwenye subira, aliyenifundisha jambo moja ambalo hata sisi waganga tunalijua: kabla ya kupasua, uliza. Mgonjwa akija na homa hatumpasui tumbo. Tunamwuliza ilianza lini, inapanda saa ngapi, inashuka na nini. Ampli nayo ina majibu yake, ukijua kuuliza.

Swali la kwanza: ni kelele ya namna gani? Mngurumo mzito, mmmm, kama jenereta ya mbali, mara nyingi unatoka katika umeme unaolisha ampli. Mluzi mwembamba, iiii, unatoka kwa chaja, kwa inveta au kwa kidhibiti cha paneli ya jua. Upepo, shshsh, ni wa ampli yenyewe au wa kaske iliyo nyepesi mno. Kukwaruza unapozungusha kifungo ni uchafu. Na ile ta-ta-ta, ta-ta-ta inayokuja ghafula halafu simu inaita? Hiyo ni simu yako tu. Mtandao wa zamani wa 2G hutuma nguvu yake vipande vipande, zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na waya wa kaske unaidaka. Sogeza simu mbali kwa urefu wa mkono na ugonjwa umepona. Nimeona mtu aliyeuza ampli nzima kwa sababu ya ugonjwa huo.

Swali la pili: geuza kifungo cha sauti cha ampli mpaka sifuri. Je, kelele imepungua? Ikiwa imepungua pamoja na wimbo, basi inaingia kabla ya kifungo: katika simu, katika televisheni, au katika waya unaoleta sauti. Ikiwa imebaki vile vile, inazaliwa baada ya kifungo: katika ampli yenyewe au katika umeme wake. Swali hili moja linakata kazi kwa nusu, na halina gharama.

Swali la tatu: chomoa waya unaoleta sauti, uache ampli peke yake. Swali la nne: ikiwa ampli yako inaweza kula betri, iache ile betri tu, bila chaja, bila paneli, bila inveta. Mngurumo ukifa hapo, usiisumbue ampli. Ampli ni mzima. Mgonjwa ni umeme.

UMEME WETU WA KUSINI MWA MANIEMA

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu vitabu vya ampli vimeandikwa kwa watu wenye umeme wa mji katika ukuta. Sisi, tangu Kasongo mpaka Kabambare, Salamabila na Namoya, wengi wetu tunaishi kwa paneli ya jua, betri ya gari, inveta ya bei ndogo, na jenereta ya jirani jioni akiwa na petroli. Kila kimoja kina kelele yake.

Umeme wa jenereta, kama ule wa mji, unacheza mara 50 kwa sekunde. Chaja inaugeuza uwe umeme wa kusimama kama wa betri, lakini chaja mbovu inaacha mawimbi ndani yake, na mawimbi hayo unayasikia kama mngurumo wa mitetemo 50 au 100 kwa sekunde. Inveta ya bei ndogo ni mbaya zaidi. Haitoi wimbi la mviringo bali la ngazi, kama mtu anayepanda mlima kwa kurukaruka, na kila ngazi inatoa vijisauti vyake. Ndiyo maana ampli iliyokuwa kimya kwa jenereta inaanza kulia ikiwekwa kwa inveta, na mwenye nyumba anadhani ameuziwa kitu kibovu. Kidhibiti cha paneli kinafungua na kufunga umeme upesi upesi wakati jua linapowaka, kwa hiyo ukiona mluzi upo mchana na usiku haupo, umekwisha kumjua mwizi.

Dawa ya yote hayo ni moja, na ni rahisi: ipe ampli betri yake yenyewe. Ichaji mchana, isikilize usiku ukiwa umechomoa chaja. Kama huwezi, basi tenganisha nyaya: waya wa sauti usilale pamoja na waya wa umeme, ufupishe kadiri uwezavyo, na nyaya mbili za betri uzisokote pamoja kama kamba ya katani. Ile pete nyeusi nene unayoiona katika nyaya za kompyuta zilizokufa, usiitupe. Ni feraiti. Ivishe katika waya wa chaja na mluzi mwingi utabaki nje.

Kuna mngurumo mwingine unaowachosha hata mafundi. Televisheni ina fishi yake katika inveta, ampli ina fishi yake katika inveta ile ile, halafu waya wa sauti unaziunganisha. Sasa waya wa masi una njia mbili za kurudi nyumbani, na umeme unazunguka ndani yake kama mbuzi kwenye mti. Ukichomoa waya wa sauti, kimya. Ukiurudisha, mmmm. Hapa tena betri ya peke yake inakata mzunguko. Au tafuta kwa fundi transfo ndogo ya sauti, ile inayopitisha wimbo bila kuunganisha nyaya.

Na sasa nasema kwa nguvu. Wako watu waliosikia kwamba mngurumo huo unaondoka ukikata mguu wa tatu wa fishi, ule wa ardhi. Ni kweli, mara nyingine unaondoka. Pamoja nao unaondoka mlinzi wako. Waya wa ardhi uko pale ili siku umeme utakapotoroka ndani ya chombo uende udongoni. Ukiukata, siku hiyo umeme utapita katika njia nyingine, na wewe umevaa njia hiyo kichwani, imegusa masikio mawili yenye jasho. Usikate. Mtu akikushauri hivyo, mwambie aweke kaske yeye kwanza.

Vile vile ukisikia mchomo mdogo, kama sisimizi, unapogusa chuma cha kaske au kisanduku huku miguu iko chini kwenye sakafu ya saruji, usiseme "ni kidogo tu". Chaja ile haitenganishi vizuri umeme mkubwa na mdogo. Leo ni sisimizi kwa sababu mvua haijanyesha na sakafu ni kavu. Iondoe leo.

Mmoja wa wafanyakazi aliniuliza kama ni kweli mtu anaweza kufa kwa kaske. Kwa kaske inayokula betri ndogo, hapana. Kwa kaske iliyounganishwa na chaja mbovu juu ya jenereta isiyo na ardhi, ndiyo.

UKILAZIMIKA KUFUNGUA

Ikiwa umeuliza maswali yote na kelele iko ndani ya ampli, mpelekee fundi. Ukiwa wewe ndiye fundi wa nyumba yako, soma haya.

Chomoa kila kitu na ungoje. Ampli inayokula umeme mkubwa ina kondensateri nene, makopo ya duara, yanayoweka umeme hata baada ya kuchomoa. Usiyaguse kwa bisibisi ili "kuona cheche". Fundi huyamwaga pole pole kwa rezistansi. Makopo hayo hayo ndiyo yanayolainisha umeme, na joto linayakausha. Wanasema kila digrii 10 za joto zikizidi, maisha yao yanakatwa nusu. Ampli inayokaa dirishani pa bati, juani, kama nyingi nilizoziona, inazeeka upesi, na mngurumo wake unakua mwezi kwa mwezi. Ukiona kopo limevimba kichwa, umelipata. Weka jipya lenye kipimo kile kile cha mikrofaradi au kikubwa kidogo, volti zisiwe chini ya zile za zamani, na alama ya kutoa ielekee pale pale ilipokuwa. Ukiligeuza litapasuka.

Kifungo kinachokwaruza kina vumbi. Vumbi letu jekundu la Juni mpaka Agosti linaingia popote. Zima, weka matone ya alkoholi safi, zungusha mara thelathini, acha ikauke. Si petroli. Na si mafuta ya mawese, ndugu zangu. Nimeiona kwa macho yangu, na sisimizi walikuja kuishi ndani.

Mahali palipolehemiwa vibaya panaonyesha duara la ufa, na sauti inakatika ukigonga kisanduku. Palehemu upya. Lehemu ya kawaida ni sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Bati ni ndugu yetu: kasiterite inayochimbwa Kalima na mahali pengine Maniema ndiyo inayoyeyushwa kuwa bati, na kipande chake huenda kimerudi kwako ndani ya radio. Risasi si ndugu. Inaingia mwilini kwa mikono inayokula ugali bila kunawa, na inaharibu akili ya mtoto mdogo. Lehemu nje, mbali na watoto, mbali na sufuria, na unawe kwa sabuni.

Na upepo, shshsh? Kila ampli ina upepo kidogo. Haujafa kabisa katika ampli yoyote duniani. Kaske ndogo za kuchomeka sikioni, za ohmu 16 au 32, zinausikia kuliko kaske kubwa. Jaribu kwanza hivi: simu ifungue karibu yote, robo tatu na zaidi, halafu kifungo cha ampli kirudishe chini kabisa, mpaka wimbo unatosha. Wengi wanafanya kinyume, simu chini na ampli juu, na ampli inakuza wimbo dhaifu pamoja na takataka yote iliyouzunguka.

KOSA LA DISPANSARI YETU

Usifikiri waganga wamepona. Kile chombo cha kupima masikio hapa kwetu, odiometa, ni nini? Ni ampli ya kaske, basi. Inatoa sauti ndogo sana katika kaske, na wewe unainua mkono ukisikia.

Asubuhi moja nilipima watu watano, na wote watano walikuwa hawasikii sauti nzito, zile za mitetemo 250 na 500. Nikaandika. Nilipofika kwa wa tano kalamu ikasimama. Kelele ya kazi haianzi kuharibu sauti nzito. Inaanza juu, karibu na mitetemo 4000 kwa sekunde. Watu watano hawawezi kuugua ugonjwa wa ajabu asubuhi moja. Nikavaa kaske mwenyewe, na nikasikia: mmmm. Betri za paneli zilikuwa zimekwisha usiku, mlinzi akawasha jenereta, na mngurumo wake uliingia katika odiometa na kufunika sauti nzito. Masikio ya wale watu yalikuwa yanasikia vizuri. Yalikuwa yanasikia jenereta. Nilichana karatasi zote tano, nikawaomba radhi, nikawaita tena kesho yake. Kama ningalipima mmoja tu, ningaliandika kwamba ni kiziwi.

Tangu siku hiyo, kabla ya mtu wa kwanza, ninavaa kaske mimi, na ninasikiliza kimya.

BABA ALIYEBADILISHA KASKE TATU

Sasa nifike kwa yule aliyenifanya niandike. Ni mtu mzima, ametoboa mwamba zaidi ya miaka 20, na amenipa ruhusa ya kusimulia bila jina.

Hakuja kutibiwa. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba ninajua ampli. Aliiweka juu ya meza ya sindano. "Mwanangu," akasema, "hii inalia kama nyenje. Nimebadilisha kaske mara tatu. Nimebadilisha chaja. Hii ampli ni ya pili. Mafundi wamekula pesa zangu."

Nikauliza maswali yangu. Kifungo sifuri: nyenje wapo. Waya wa sauti nimechomoa: wapo. Betri peke yake: wapo. Nikavaa kaske mimi, sikusikia kitu. Nikafikiri masikio yangu yamechakaa, nikamwita kijana anayefagia, ana miaka 18. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Hamna.

Nikamrudishia baba kaske masikioni. Nikachomoa fishi ya kaske kutoka kwa ampli, nikamwonyesha ncha ya waya mkononi mwangu.

"Sasa, baba?"

"Bado."

Nikamvua kaske taratibu, nikaiweka mezani. Ilikuwa saa nane mchana, kiangazi, hakuna hata jani lililocheza.

"Na sasa?"

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Bado. Lakini nyumbani nilifikiri hao ni wadudu wa nje."

Kesho yake nilimpima kwa odiometa. Karibu na mitetemo 4000 masikio yote mawili yalikuwa yameanguka sana. Ndani ya sikio mna vijichembe vyenye vinywele vinavyopokea sauti. Kelele ikivivunja havioti tena, na ubongo unaokosa habari kutoka huko hujitengenezea mlio wake. Kwa kulehemu hakuna njia. Mke wake aliyemsindikiza aliniambia jambo ambalo yeye hakuniambia: kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anasema mjukuu wao wa kike ana haya, anasema kwa kunong'ona. Mtoto hakuwa na haya hata kidogo. Sauti za watoto wa kike ni nyembamba, na wembamba ndio uliokwisha kwenda.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, swali la kwanza kuliko yote yale manne liwe hili: vua kaske, nenda mahali pa kimya, sikiliza. Ikiwa kelele inabaki, usimpelekee fundi pesa. Njoo.

Si kila mlio ni wa kazi. Nta iliyoziba sikio inalia pia, na inaondoka kwa maji ya vuguvugu hapa kwetu, si kwa kijiti cha kiberiti wala unyoya wa kuku. Kinini unaijua: mtu aliyetibiwa malaria kwa kinini masikio yake yanalia na kuwa mazito, kisha kwa kawaida yanarudi dawa ikikwisha. Usiiache katikati kwa sababu ya mlio; malaria inaua. Ila utuambie. Sindano za jentamisini, na streptomisini iliyotumika zamani kwa kifua kikuu, zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja, basi utuambie kama uliwahi kuchomwa nyingi. Na mlio ulio katika sikio moja tu, au unaopiga pamoja na moyo, au unaokuja na kizunguzungu au usaha, au sikio lililoziba ghafula usiku mmoja, usingoje mwisho wa juma. Njoo siku ile ile.

Kupima masikio ni bure kwa mfanyakazi. Njoo asubuhi kabla ya zamu, masikio yakiwa yamepumzika masaa 14 angalau. Maana yake usitoke kinuni kuja kwangu, na usiku ule kaske ya nyimbo iache mezani. Akina mama, mnaweza kuja pamoja naye. Mnajua mambo ambayo wao hawayasemi.

Yule baba ametolewa kwenye mashine ya kutoboa, yuko ghalani, na anavaa vizibo kila akipita karibu na kinu. Ampli yake hakuiuza. Usiku anaiweka kando ya kitanda na radio ya sauti ndogo sana, chini kabisa, kwa sababu sauti ndogo inawafunika nyenje kidogo na usingizi unakuja. Na mjukuu amefundishwa kuja kusimama mbele yake, amtazame usoni, ndipo aseme.